Kiatu Namba Ngapi, Mheshimiwa?

Nchi yetu haina huzuni. Ilifutwa kwa tangazo la serikali mwaka ule mvua zilipokataa kunyesha, na tangu hapo anayetaka kulia huomba kibali ofisi ya kata, siku za Jumanne tu. Mimi sijawahi kuomba. Hulia nikiwa nasali, na nikiulizwa nasema ni moshi.

Kwa kuwa huzuni haipo, ilibidi furaha ipatiwe mahali pa kukaa. Ndiyo maana Wizara ya Furaha na Mapumziko ikatujengea ukumbi wa bolingi. Kwa wasioujua mchezo huu, kuna njia ndefu ya mbao iliyong'arishwa kwa mafuta mpaka unaiona pua yako. Mwanzo wa njia anasimama mchezaji na tufe zito lenye matundu matatu ya vidole. Mwisho wake zimesimama pini kumi nyeupe, zenye shingo kama chupa. Mchezaji anaviringisha tufe, pini zinaanguka, mashine inazisimamisha tena. Tufe likipinda linaingia kwenye mfereji wa pembeni, pini zinabaki zimesimama, na wenzake wanamcheka. Ni hayo tu. Inasemekana huko nchi za watu familia hutoka jioni kwenda kufanya hivyo, na hurudi nyumbani wote.

Kabla ya kujenga, Wizara iliunda Tume ya Kuchunguza Sifa za Ukumbi Mzuri wa Bolingi kwa Matembezi ya Jioni. Tume ilizunguka nchi nzima ikiwauliza wananchi, ambao hawajawahi kuiona bolingi, wanapenda bolingi ya namna gani. Wananchi walijibu kuwa wanapenda ya namna anayoipenda Mlezi Mkuu wa nchi. Tume ikayapanga majibu hayo katika kurasa mia nne.

Taa ziwe kali, ili nyuso zionekane. Muziki uwe wa chini, ili mazungumzo yasikike na wanaohusika kuyasikia. Viti vitazamane, ili asiyepiga makofi asipate taabu ya kujificha. Mlango uwe mmoja, kwa ajili ya umoja. Chipsi ziwe za moto. Hilo la chipsi lilipendwa sana, na mjumbe aliyelitoa alipigiwa makofi, mpaka ilipogundulika kuwa alilitoa bila kuulizwa. Sasa yuko masomoni.

Niseme kidogo kuhusu masomoni. Nchi yetu haimfungi mtu kwa kujua jambo asilopaswa kulijua. Ingekuwa ukatili. Mtu wa namna hiyo hufuatwa na gari jeupe lisilo na namba, huambiwa kuwa amepata nafasi ya masomo ya juu, na hupewa dakika tano za kuchukua mswaki. Chuo kiko wapi hatujui. Tunajua tu kwamba hakina likizo.

*

Mimi Obadia ni mtunza viatu wa ukumbi huo. Sakafu ya bolingi haikanyagwi kwa viatu vya barabarani. Mgeni anavua vyake ananipa, nami nampa vya ukumbi, vyekundu kwa bluu, vyenye soli laini. Vyake naviweka rafuni. Swali langu ni moja: "Kiatu namba ngapi?" Akishajibu naandika daftarini jina lake na namba yake. Akitoka tunabadilishana tena. Ukutani, juu ya kichwa changu, imebandikwa kanuni: KIATU HAKITOKI BILA KUANDIKWA.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya masomo ya jioni. Tunasomea shule ya msingi ya mtaani kwetu, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu Tunu alitufundisha kwamba mtu akikuambia neno, liandike kama alivyolisema, usiongeze, usipunguze. Nilianza kusoma nikiwa na miaka hamsini na mbili. Mtu aliyechelewa hivyo haruki mstari.

Jikoni yuko Bi Mwasiti, mkaanga chipsi, mwanamke ambaye hofu ilimpitia mbali.

"Kaka Obadia," alinitania siku ya kwanza, "wenzako wanafuatwa na gari ndiyo waende masomoni. Wewe unajipeleka kwa miguu!"

"Nyamaza, dada. Taa ni kali."

"Na miguu yenyewe! Hebu tuione. Namba ngapi hiyo?"

"Thelathini na tisa."

"Umeazima ya binti yako, au?"

Alicheka peke yake. Watu watatu waliokuwa wakila chipsi waliacha kutafuna.

*

Ukumbi ulitumika mwaka mzima bila kufunguliwa, kwa kuwa Mlezi Mkuu alikuwa na shughuli. Kisheria, kwa hiyo, ulikuwa haujajengwa, na waliocheza ndani yake walikuwa hawajacheza. Kisha Jumatatu moja Mkurugenzi wetu, Bwana Mbelwa, akatuita wafanyakazi wote. Shati lake lilikuwa limelowa mpaka kwenye mfuko.

"Ndugu wafanyakazi," alisema, "historia imetutazama, ikatukonyeza. Ijumaa hii, saa moja jioni, Mlezi Mkuu atakuja kuufungua ukumbi huu kwa mkono wake mwenyewe, na atacheza. Nani anafurahi?"

Tulifurahi.

"Kuna jambo moja tu dogo," aliendelea. "Itabidi avue viatu."

Hakuna aliyefurahi tena, hata kwa amri.

Inafaa nieleze. Mguu wa Mlezi Mkuu ni siri ya taifa. Sanamu lake pale uwanjani lina viatu vikubwa kiasi kwamba mvua ikinyesha bata wanaogelea juu yake. Kitabu cha darasa la tatu kina swali, "Mguu wa Mlezi Mkuu una urefu gani?" na jibu sahihi ni "Kama nchi." Mtu aliyewahi kuupima kwa kamba ni fundi viatu mmoja wa mtaa wa pili. Yuko masomoni mwaka wa saba sasa. Mkewe hupokea barua zake kila Desemba, zimepigwa chapa, na zote zinasema chakula cha chuoni ni kizuri. Fundi yule hakuwa akijua kusoma wala kuandika.

Jumanne alikuja Afande Kigosi wa Usalama. Ni mtu mkubwa. Mlango wetu mmoja aliupita kwa ubavu. Alisimama mbele ya kaunta yangu akavitazama viatu jozi kwa jozi, kana kwamba kimojawapo kingeungama.

"Mzee, wewe ndiye unayeuliza watu namba?"

"Ndiyo, afande."

"Unajua kuhesabu mpaka ngapi?"

"Zamani mpaka ishirini. Siku hizi, namshukuru Mungu, mpaka popote."

Alisikitika kweli. "Hilo ni tatizo, mzee wangu. Ungebaki kwenye ishirini ungekuwa salama."

Kamati ilikaa siku mbili. Wengine walitaka nifungwe kitambaa machoni, lakini ikaonekana nitampa kiongozi wa nchi kiatu cha kushoto mara mbili. Mwishowe iliamuliwa namba zote zikwanguliwe kwa wembe kwenye viatu vyote, na Wizara itengeneze jozi moja maalumu, namba hamsini, kufuatana na sanamu. Nilikwangua viatu mia mbili na arobaini mpaka vidole vikatoka damu. Kamati haikujua kuwa mtunza viatu hatazami namba. Mkono ukishika kiatu unajua.

"Mlezi Mkuu akifika hapa kwenye kaunta," Afande Kigosi aliniambia, "ukumbi mzima utageuka ukutani. Atakayechungulia atasoma."

"Na mimi, afande?"

"Wewe utamtazama, maana kiatu hakijipeleki. Lakini usione."

"Nitazame nisione?"

"Mbona sisi tumeweza miaka ishirini na sita?"

Usiku huo sikulala. Nilipiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimwomba Mungu anipe upofu mdogo tu, wa dakika tano, wa kurudishika. Binti yangu Yusta aliamka akanikuta. Aliuliza kama kuna moshi. Nikamwambia upo mwingi. Alikwenda akaleta mswaki wangu, akauweka ndani ya mfuko wa koti langu la kazini.

*

Ijumaa wageni walianza kufika saa kumi na moja. Walikuwa arobaini, mawaziri na wake zao, majenerali, maaskofu na masheikh wa serikali. Nilimuuliza kila mmoja swali langu. Hakuna aliyetaja namba.

"Nipe kidogo kuliko cha Mlezi Mkuu," alisema Waziri wa Furaha.

"Chake ni namba gani, Mheshimiwa?"

"Unataka kuniua? Nipe kidogo tu!"

Yule waziri ana mguu kama mkate wa boflo. Alijikamua kwenye viatu ambavyo vingemkaa mkewe, akasimama, machozi yakamtoka.

"Nalia kwa furaha," aliwaambia waliokuwa karibu, na Afande Kigosi akamwandikia kibali papo hapo. Jenerali mmoja alivaa nusu, visigino vikabaki nje. Waliingia ukumbini wakitembea kama kuku juu ya bati la moto, kila mmoja akimpongeza mwenzake kwa unyenyekevu. Daftarini niliandika majina yao arobaini. Sehemu ya namba niliiacha wazi, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Saa moja kamili ukumbi mzima uligeuka ukutani. Nilisikia hatua zikija, kop, kop, kop, kama mtu aliyevaa ndoo. Kisha Mlezi Mkuu akawa mbele yangu.

Alikuwa mzee mfupi, amechoka. Alikaa kwenye stuli, akainama, akavua. Viatu vyake vilikuwa vikubwa kama vya sanamu, na ndani yake mlikuwa na karatasi. Gazeti la serikali, lililokunjwakunjwa, lenye picha yake. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia. Nilitazama. Mungu anisamehe, niliona.

Nilimpa ile jozi ya namba hamsini. Alitumbukiza miguu, akasimama, akapiga hatua moja. Viatu vilibaki nyuma.

"Vinapwaya," alisema polepole.

Sikujua la kufanya. Mdomo wangu ulijua. Umesema maneno hayo mwaka mzima, kutwa mara themanini, ukayasema yenyewe.

"Kiatu namba ngapi, Mheshimiwa?"

Nilitamani sakafu ifunguke. Kule ukutani shingo ya Afande Kigosi ilitetemeka, lakini hakugeuka. Mlezi Mkuu alinikazia macho. Kisha akainama juu ya kaunta, akanong'ona kama mtoto anayesema jina la utani.

"Thelathini na tisa."

Mkono wangu ukaenda rafuni, ukashika jozi bila kuuliza. Alivaa. Akachezesha vidole. Akapiga hatua mbili, akarudi, akapiga tatu.

"Miaka ishirini na sita," alisema, "hakuna aliyeniuliza swali hilo."

Akaenda kucheza.

*

Tufe la kwanza liliingia mferejini. Nilisikia mafuta ya Bi Mwasiti yakichemka jikoni. Pini zote kumi zilikuwa zimesimama. Waziri wa Furaha ndiye aliyetuokoa. Alirukia kipaza sauti huku akichechemea.

"Ndugu wananchi! Mmeona wenyewe! Hata pini zimemsimamia kwa heshima!"

Makofi yalidumu dakika nne. Tufe la pili, mferejini. Makofi. La tatu, la nne, mpaka la kumi. Kila mara Mlezi Mkuu aligeuka akazitazama nyuso zetu moja moja, kama mtu aliyepoteza kitu akadhani mmoja wetu amekiokota. Bi Mwasiti alikuwa ameuma upindo wa kanga yake kwa nguvu zote.

Ukumbi ukageuka tena ukutani, akanirudishia viatu.

"Niliwahi kuucheza mchezo huu nikiwa kijana, huko ugenini nilikokuwa nafua nguo za watu," alisema. "Nilikuwa nakosa hivi hivi. Walinicheka, mzee mwenzangu. Walinicheka mpaka wakakaa chini. Ulikuwa ukumbi mzuri sana."

Akasubiri. Nadhani alitaka nicheke. Nilijaribu, Mungu ni shahidi wangu, lakini meno yalikuwa yakigongana. Alirudisha lile gazeti ndani ya viatu vyake, akalishindilia kwa kidole, akavaa. Kop, kop, kop, mpaka kwenye gari.

*

Ndipo nilipotazama daftari.

Majina arobaini, na mbele yake sehemu tupu. Chini kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri wa duara, usio na kosa hata moja: *Mlezi Mkuu, 39.* Aliniambia, nikaandika. Sikuongeza, sikupunguza. Sikumbuki hata kushika kalamu.

Daftari lile lina kurasa zilizohesabiwa na kupigwa muhuri. Ukurasa ukikosekana, anakosekana na mwenye daftari. Kufuta nisingeweza, ni wino. Kukata kwa mstari? Nani apige mstari juu ya jina lile? Nilikuwa bado nimeinama, mkono umeufunika ukurasa, nikisema "Ee Bwana, Ee Bwana" bila kufika mbele ya hapo, kivuli kikubwa kilipofunika kaunta.

"Lete daftari," alisema Afande Kigosi.

"Afande, naomba usisome."

"Lete."

Alilichukua. Kidole chake kilishuka jina baada ya jina, kikafika chini, kikasimama. Nikagusa mswaki mfukoni.

Lakini gari hakuliita. Uso wake ulibadilika rangi polepole, kuanzia masikioni. Alitazama huku, akatazama kule. Kisha akafumba macho kwa nguvu, kama mtu aliyemeza kitu anachotaka kukitema.

"Mzee," alisema akiwa bado amefumba, "nimesoma."

"Nilikuomba, afande."

"Sasa tunajua wawili."

"Ndiyo, afande."

"Nina watoto wanne." Jasho lilidondoka juu ya muhuri wa Wizara. "Hizi sehemu nyingine mbona tupu?"

"Hawakutaja."

"Sasa wametaja. Andika hiyohiyo. Kwa wote."

"Lakini hawakuniambia. Mwalimu Tunu anasema…"

"Andika, baba yangu, nakusihi!"

Niliandika thelathini na tisa mara arobaini. Yeye akanishikia daftari lisicheze. Kila namba niliyoandika niliomba toba, mpaka nilipofika kwa maaskofu nikawa nimechanganya toba na hesabu.

*

Jumatatu Mkurugenzi Mbelwa alilipeleka daftari Wizarani. Wizara ikashangaa. Watu arobaini na mmoja, wakubwa wote wa nchi, mguu mmoja! Haikuwezekana iwe bahati. Lazima ni maagizo, na kama ni maagizo, Wizara imechelewa kuyatekeleza. Jumatano tangazo lilisomwa redioni: kuanzia mwezi ujao kila raia mtu mzima atavaa kiatu Namba ya Umoja, ambayo ni thelathini na tisa. Viatu vingine vyote vipelekwe ofisi ya kata.

Hivyo siri ikaisha. Haikuwa tena namba yake, ilikuwa namba yetu. Nilipiga magoti nikashukuru. Nilishukuru mapema mno.

Nchi nzima sasa inachechemea. Wenye miguu mikubwa wanachechemea, wenye midogo wanaburuza. Gwaride la mwaka huu lilichukua siku mbili kupita jukwaani. Na Wizara, ikiona watu wote wanateseka kwa usawa, ikaanza kujiuliza kuhusu wasioteseka. Mtu anayetembea vizuri ndani ya namba ile ana maana gani? Ana maana kwamba mguu wake umejilinganisha na miguu ya wakubwa. Barabarani wakawekwa watu wa kutazama miguu. Katika wiki ya kwanza walipata nafasi za masomo watu kumi na wanane.

Bi Mwasiti ndiye aliyeniona nikitoka stoo, natembea vizuri ndani ya namba yangu. Hakunitania. Alifunga mlango wa jiko, akafungua kopo, akaniwekea harage moja kavu kwenye kiganja.

"Tia kiatuni, kaka. Chini ya kisigino."

"Dada, ni uongo huo."

"Mungu anaujua mguu wako. Hao wengine acha wasiujue."

Nikalitia. Linauma kweli, kwa hiyo nadhani uongo wangu una ukweli ndani yake. Nimemweleza Mungu hivyo. Bado sijajibiwa.

Jana Tume ilirudi. Inataka kujua, baada ya mwaka wa uzoefu, ukumbi mzuri wa bolingi kwa matembezi ya jioni ni upi. Kila mfanyakazi alipewa fomu. Nilikaa nayo muda mrefu. Nilitaka kuandika kwamba ni ule ambao mtu akikosa wenzake wanamcheka, naye anacheka, na akitoka anarudishiwa viatu vyake anakwenda nyumbani. Kalamu ilifika kwenye karatasi. Nikamkumbuka Yusta, nikaandika: *Chipsi ziwe za moto.* Safari hii niliulizwa.

Niliirudisha fomu mlangoni. Alikuwepo Afande Kigosi, amesimama kwa visigino, vidole vyake vikubwa vimekunjika ndani ya Namba ya Umoja, na kando yake kijana mgeni wa Usalama anayeandika miguu ya watu inavyopita. Nilimsalimia, nikapita nikichechemea vizuri kabisa. Afande alinisindikiza hatua tatu, kama mtu anayemuaga mgeni. Hakunitazama.

"Mzee," alinong'ona, "jana ulichechemea mguu wa kushoto."

Niliinama kama mtu anayefunga kamba, nikalihamisha harage.